"Inakwama" ni ugonjwa gani? Jinsi ya kuichunguza kompyuta ya gemu kabla ya kununua kipuri

Kijana alishuka kwenye basi la usiku kutoka Arua akiwa ameipakata kompyuta yake kama mtoto mwenye homa, imeviringishwa blanketi. Nilipofika kibandani kwangu, Kisenyi hapa Kampala, nilimkuta ameketi mlangoni juu ya ndoo.

"Fundi, inakwama."

"Inakwamaje?"

"Inakwama tu, fundi."

Alikuwa na shilingi milioni moja na nusu mfukoni na uamuzi alikuwa ameshaufanya: anataka kadi mpya ya grafiki, kile kipuri kinachochora picha za gemu. Wenzake wote walimhakikishia kwamba kinachomsumbua ni kadi. Jioni yake alirudi stendi na kadi ileile aliyokuja nayo, na sehemu kubwa ya fedha zake haikuguswa. Ugonjwa wa mashine yake nitausema mbele.

Tulitazame kwanza hilo neno. Gari hukwama matopeni, mzigo hukwama mpakani Malaba, kesi hukwama mahakamani. Kote huko maana ni moja: kitu hakisogei. Kwenye kompyuta ya gemu neno hilohilo limebebeshwa magonjwa manne yasiyo na undugu. La kwanza ni uchovu: picha ni nzito tangu mwanzo hadi mwisho. La pili ni kwikwi: gemu linakwenda vizuri, linashtuka, linaendelea, linashtuka tena. La tatu ni kuchelewa kwa mtandao. La nne ni kuzimia: skrini inakuwa nyeusi, au mashine inajiwasha upya, au gemu linajifunga lenyewe. Kila moja lina chanzo chake na gharama yake. Anayetibu kwikwi kwa dawa ya uchovu hupoteza fedha na kwikwi hubaki palepale.

Nianze na mtandao, maana ndio rahisi kuutenga. Ingia kwenye gemu, simama mahali pamoja, zungusha kamera. Ikiwa mandhari yanazunguka laini kama mafuta, lakini adui anaruka kutoka nyuma ya ukuta hadi mbele yako bila kutembea, au wewe mwenyewe unakimbia hatua kumi kisha unavutwa kurudi ulikotoka, kompyuta yako ni nzima. Tatizo liko njiani. Na njia yetu ni ndefu. Uganda haina bahari. Data inashuka kwa nyaya za nchi kavu hadi pwani ya Kenya au Tanzania, ndipo inapoingia kwenye nyaya za chini ya bahari kama SEACOM, iliyoanza kazi mwaka 2009, au EASSy ya mwaka 2010. Mwanga ndani ya kioo cha waya husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa Ulaya, na waya ukipita Bahari ya Shamu na Mediterania, kilomita 10,000 ni makadirio ya huruma: milisekunde 50 kwenda, 50 kurudi, kabla hata seva haijafikiria cha kukujibu. Hakuna kadi ya grafiki inayofupisha Bahari ya Shamu. Gemu likikuruhusu kuchagua eneo la seva, jaribu Afrika Kusini na Mashariki ya Kati ulinganishe. Tumia waya badala ya Wi-Fi, na uangalie kama kuna mtu nyumbani anayepakua filamu wakati wewe unacheza.

Hayo yanatosha kwa mtandao. Magonjwa mengine yamo ndani ya boksi lenyewe.

Uchovu

Kabla ya kufungua programu yoyote ya kupima, inuka uende nyuma ya mashine. Waya wa skrini umechomekwa wapi? Kompyuta yenye kadi ya grafiki mara nyingi ina matundu ya HDMI sehemu mbili: juu, kwenye madabodi (bamba kuu linalounganisha vipuri vyote), na chini, kwenye kadi. Ukichomeka juu, kwa kawaida gemu linachorwa na grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa (ubongo wa kompyuta), huku kadi uliyoinunua kwa jasho ikiwa imekaa bure. Nimeshakutana na mtu aliyecheza hivyo miezi minane. Simcheki, tundu la juu ndilo mkono unalofikia kwanza.

Pili, fungua mipangilio ya skrini ndani ya Windows. Skrini ya 144Hz ikichomekwa mara ya kwanza inaweza kuachwa kwenye 60Hz, na hakuna onyo litakalokuambia. Tatu, ingia BIOS (mipangilio ya msingi, kabla Windows haijaamka) utazame kasi ya RAM (kumbukumbu ya kazi). Vijiti vingi vya DDR4 vilivyoandikwa 3200 vikichomekwa tu huamka kwenye 2133 au 2400. Kasi iliyoandikwa kwenye pakiti haiji mpaka uwashe mpangilio uitwao XMP, au EXPO kwenye mashine nyingi za AMD zenye DDR5. Haya matatu hayagharimu hata shilingi moja, na kwa makadirio yangu mimi ndiyo yanayoponya theluthi ya "wachovu" wanaofika kwangu.

Kama bado ni nzito, sasa pima. MSI Afterburner ni programu ya bure inayoonyesha juu ya gemu lenyewe kadi inafanya kazi kwa asilimia ngapi, prosesa ina joto gani na fremu, yaani picha zinazochorwa, ni ngapi kwa sekunde. Tazama asilimia ya kadi. Ikiwa 95 hadi 99 na fremu bado ni chache, kadi imefika mwisho wa nguvu zake: punguza vivuli na ubora wa picha, au hapo ndipo kadi mpya inapoeleweka. Lakini ikiwa kadi iko 50 na fremu ni chache, kadi inasubiri mtu. Mara nyingi anayesubiriwa ni prosesa. Thibitisha hivi: shusha ukubwa wa picha kutoka 1920×1080 hadi 1280×720. Fremu zikipanda, mzigo ulikuwa kwenye kadi. Zikibaki palepale, ni prosesa, na kadi ya bei mara tatu ya hiyo ingekupa fremu zilezile. Hakikisha tu hujawasha kikomo cha fremu wala V-Sync (inayozifungia fremu kwenye kasi ya skrini), maana hivyo hudanganya kipimo.

Kisha kuna joto, na hapa lazima nikae kidogo.

Uchovu wa joto una saa yake. Dakika tano za mwanzo gemu linapaa kwa fremu 90. Dakika ya kumi na tano liko 55 na halipandi tena. Prosesa na kadi zina kizingiti cha joto ambacho zikikifikia hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Prosesa nyingi za Intel za kompyuta za mezani kizingiti chake ni karibu nyuzi 100. Ryzen za familia ya 5000 nyingi ni 90, na nyingi za 7000 ni 95. Hizo za 7000 AMD yenyewe ilisema zimeundwa kufika 95 zikiwa kwenye kazi nzito, kwa hiyo usishtuke ukiiona namba hiyo. La kukuhangaisha ni kasi kuporomoka.

Kampala hewa yake si adui mkubwa. Tuko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na mchana wetu ni wa nyuzi 27 au 28, ambao mtu wa Mombasa angeulipia. Adui ni vumbi. Vumbi jekundu la barabara ya murramu likikutana na moshi wa mkaa na unyevu wa ziwani halibaki unga, linakuwa zulia. Linajishona kati ya feni na mapezi ya chuma yanayotoa joto, na kwa nje huoni kitu, feni inazunguka kwa fahari. Ng'oa feni ndipo uone blanketi.

Kulisafisha kuna adabu zake. Zima mashine, chomoa waya, tumia brashi laini ya rangi na blowa ndogo. Shikilia feni kwa kidole unapopuliza, isije ikazunguka kupita kiasi ikaharibu beringi zake. Na tafadhali usiipeleke kwenye kompresa ya wanaojaza upepo matairi. Ile inatema maji na mafuta pamoja na hewa. Nimepokea madabodi iliyotoka huko ikiwa na matone kama ya umande.

Kuna na boda. Kipoza cha kawaida kilichokuja na prosesa nyingi za Intel hushikiliwa na pini nne za plastiki zinazobanwa kwenye madabodi. Ibebe mashine kwa boda kutoka Nansana hadi mjini, mashimo yote yale, na pini moja hufyatuka. Kipoza kinainuka upande mmoja, milimita moja tu, na prosesa inafika nyuzi 100 kabla Windows haijamaliza kuamka. Bonyeza kila pini usikie ikilia. Ukikitoa kipoza, futa pesti ya zamani ya kupitisha joto kwa spiriti na uweke mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Na kama kipoza ni kipya, angalia chini yake: ile nailoni ya kinga watu husahau kuibandua, mafundi pia, na mimi nilishawahi.

Neno moja kuhusu kadi za mtumba na za bandia. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kutumia kadi za grafiki mwezi Septemba 2022, kadi nyingi za wachimbaji ziliingia sokoni duniani kote. Si lazima ziwe mbovu; chip huvumilia, kinachochoka ni feni na pesti. Za kuogopa ni zile zilizobadilishwa jina: ndani ni GTX 550 Ti ya mwaka 2011, lakini imeandikiwa upya ijitangaze kuwa GTX 1050 Ti. Windows huamini. Programu ya bure ya GPU-Z haiamini. Huandika wazi kwamba ni feki. Ibebe kwenye flashi unapokwenda kununua, na muuzaji akikataa usiifungue pale dukani, umeshapata jibu.

Kwikwi

Hapa ndipo alipokuwa kijana wetu wa Arua. Kipimo chake kilisema fremu 70 kwa sekunde kwa wastani, namba ambayo mtu hawezi kuilalamikia, na bado gemu lilikuwa halichezeki.

Wastani ndio uliomficha. Chukulia Old Taxi Park matatu 60 zinatoka kwa saa. Zikitoka moja kila dakika, hakuna anayesubiri. Zikitoka 50 kwa mpigo, kisha kimya cha dakika ishirini, kisha kumi, wastani ni uleule, 60 kwa saa, lakini wewe uliyekaa kwenye benchi umezeeka. Gemu la fremu 60 linatakiwa kutoa picha moja kila milisekunde 16.7. Picha moja ikichukua milisekunde 200, jicho linaiona kwikwi hata kama zile nyingine zote zilikimbia. Kwa hiyo kwenye kwikwi usitazame fremu kwa sekunde. Washa mchoro wa muda wa kila fremu. Mstari ulionyooka ni afya. Mstari wenye miiba ndiyo kwikwi yenyewe.

Miiba huletwa na nini? Karibu kila mara na kitu kinachokwenda kuchukua data mahali pa polepole. Kijana alikuwa na RAM ya GB 8, kijiti kimoja. Windows, kivinjari chenye video na programu ya kuongea na wenzake vilikuwa vimekula zaidi ya nusu. Gemu likakosa nafasi, Windows ikaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski yenyewe ilikuwa ya kuzunguka, ile ya zamani. Diski ya namna hiyo ikisoma mfululizo inaweza kutoa MB 100 hadi 200 kwa sekunde, lakini ukiiomba vipande vidogo vilivyotawanyika huku na huko, kama gemu linavyoomba, inashuka vibaya mno, kwa sababu ina mkono wa chuma unaosogea kila mara kutafuta. SSD, diski ya chip isiyozunguka, ikiwa ya SATA inafika karibu MB 550 kwa sekunde na haina mkono wa kusogeza.

Tulimwongezea kijiti cha pili cha GB 8 kinachofanana na cha kwanza, na SSD. Kijiti cha pili kina faida mbili: nafasi inaongezeka, na prosesa inapata njia mbili za kuchotea badala ya moja. Kwenye madabodi yenye matundu manne, viweke kwenye la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Ukiviweka vyote upande mmoja huenda ukabaki na njia moja. Nilipoikagua diski yake ya zamani kwa CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski, ilikuwa imeshaanza kuandika hesabu ya maeneo yaliyokufa. Nikamwambia, kijana, hamisha picha zako leo, si kesho.

Kwikwi nyingine haina dawa dukani. Magemu mengi mapya yanaandaa maelekezo ya michoro kwa ajili ya kadi yako mara ya kwanza unapoingia eneo jipya. Hushtuka mara moja pale, ukirudi halishtuki tena. Hiyo ivumilie. Na ile inayoanza baada ya nusu saa ya kucheza, mara nyingi ni kumbukumbu ya kadi iliyojaa: shusha ubora wa teksicha (picha zinazovishwa vitu vya gemu) ngazi moja tu uone.

Kuzimia

Afande mmoja mstaafu wa jeshi, anayekaa upande wa Bweyogerere, aliniletea kompyuta ya mjukuu wake. "Fundi, hii kitu inazimika kila siku saa moja jioni. Kama roll call." Kiswahili chake ni cha kambini, kimenyooka, hakipotezi risasi. Niliiweka mezani siku mbili nikiitesa kwa majaribio ya prosesa na kadi kwa pamoja. Haikuzimika hata mara moja. Nikampigia. Akaichukua. Saa moja jioni ikazimika.

"Sasa ni jini, Afande?"

"Hapana. Wewe kuja na uone."

Nikaenda na multimita. Saa kumi alasiri soketi yake ilisoma volti 231, safi kabisa. Saa moja na robo, majirani wote wamerudi, pasi, majiko na mabirika yako kazini, ilisoma 178. Nikageuza kompyuta nyuma nikaona swichi nyekundu ndogo iliyoandikwa 115 na 230.

Hapa lazima nifafanue neno moja. Uganda, Umeme ilikuwa jina la kampuni ya kusambaza umeme kwa miaka 20, tangu 2005 hadi Machi 2025, na wengi wetu tukisikia neno hilo bado tunafikiria ofisi na bili. Mimi nazungumzia volti. Kiwango cha nchi ni volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, lakini kinachofika kwenye soketi yako kinategemea urefu wa waya kutoka transfoma, unene wake, na watu wangapi wananing'inia juu yake saa hiyo.

Swichi hiyo ni ya pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Zile za bei ya chini zenye swichi nyekundu hufanya kazi kwenye ukanda mwembamba; volti zikishuka chini ya 180 hivi, zinaishiwa pumzi, hasa gemu linapoamsha kadi. Zilizotengenezwa vizuri hazina swichi hiyo. Zimeandikwa 100–240V na hujirekebisha zenyewe. Ile ya Afande haikuwa imeharibika, ndiyo maana mezani kwangu ilifaulu. Ilikuwa dhaifu kwa mtaa wake. Tulinunua nyingine ya ukanda mpana na mjukuu sasa anacheza hadi usiku, jambo ambalo Afande analilalamikia kwa namna nyingine. (Kuhusu swichi nyekundu: usiisogeze kwenye 115 ukidhani unaisaidia kwa kuwa volti ni ndogo. Itapasuka kwa mshindo.)

Jambo jingine ni kumeta kwa taa. Mwongozo wa ATX, kiwango cha pawa saplai za kompyuta za mezani, huitaka pawa saplai ihimili takriban milisekunde 16 bila umeme. Mzunguko mmoja wa umeme wetu ni milisekunde 20. Maana yake taa ikipepesa mara moja tu, kwa kiasi ambacho jicho linakipuuza, kompyuta inaweza kuanguka. Hapo dawa ni UPS (betri inayoshika kompyuta umeme ukikatika), ila soma namba sawasawa. VA si wati. UPS nyingi za 650VA hutoa kama wati 360 hadi 390 tu. Kadi kama RTX 3060 peke yake ni wati 170, ongeza prosesa, ongeza skrini, na ukumbuke kwamba kadi huruka juu ya kiwango chake kwa milisekunde chache. UPS ndogo ikipigwa na mzigo huo italia na kuzima kila kitu, kisha watu wanailaumu kompyuta.

Wanaobadilisha kompyuta za ofisini kuwa za gemu, ambao ni wengi, wana mtego wao. Mashine hizo za mtumba ni nzuri na ngumu, lakini nyingi zina pawa saplai ndogo, pengine wati 240, yenye umbo na plagi zake za kipekee. Tundu la kadi kwenye madabodi linatoa wati 75 kwa kiwango chake. Kadi isiyohitaji waya wa ziada, kama GTX 1650 nyingi, inaingia. Ukiiona kadi ina tundu la pini sita au nane, simama. Usitafute adapta ya kuunganishia.

Si kila kuzimia ni umeme. Angalia namna inavyoanguka. Mashine yote kuzima ghafla na kujiwasha upya, bila ujumbe, chini ya mzigo: shuku pawa saplai, kisha joto. Windows itaandika Kernel-Power 41, na watu hunitumia picha ya maandishi hayo wakidhani ni jina la ugonjwa. Yanasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Skrini kuwa nyeusi huku feni zikinguruma kwa nguvu: shuku kadi au waya zake. Skrini ya bluu yenye maneno MEMORY_MANAGEMENT: anza na RAM, chomoa vijiti uache kimoja kimoja, acha MemTest86, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku kucha. Hakikisha Yaka (mita ya umeme wa kulipia kabla) ina yuniti za kutosha kwanza.

Na gemu kujifunga lenyewe, mashine ikabaki hai? Mara nyingi ni draiva ya kadi, programu inayoiongoza. Ifute kabisa kwa Display Driver Uninstaller na uweke mpya. Lakini kuna kisa kimoja kilichotuzungusha mafundi wengi. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 za mezani, zile zenye nguvu, zilikuwa zikiangusha magemu kwa ujumbe unaosema kumbukumbu ya kadi imekwisha. Watu walibadilisha kadi. Tatizo likabaki. Kumbe mgonjwa alikuwa prosesa: mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba zilikuwa zikipewa volti kubwa kupita kiasi na kuchakaa kidogo kidogo, ikatoa masahihisho kupitia BIOS na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Masahihisho yanazuia uharibifu. Hayaponyi prosesa iliyokwisha kuchakaa. Ukiwa na mojawapo, sasisha BIOS wiki hii.

Kuhusu ile inayotekenya au kupiga shoti ndogo ukigusa chuma cha boksi: nyumba haina waya wa ardhini, au soketi inao wa urembo tu. Vichujio vilivyomo ndani ya pawa saplai huvujisha umeme kidogo sana kwenda kwenye ardhi, na ardhi isipokuwepo, umeme huo unakaa kwenye boksi ukikusubiri wewe. Mwite fundi wa umeme, si mimi. Na radi zikianza, katika ukanda huu wa Ziwa Victoria ambao ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, kuzima kwa swichi hakutoshi. Chomoa plagi, na uchomoe waya wa intaneti pia. Radi hupita humo vilevile.

Isiyowaka kabisa

Hii haimo kwenye "inakwama", lakini huja nayo kwenye boda moja. Feni zinazunguka, skrini nyeusi. Madabodi nyingi za miaka ya karibuni zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Inayobaki inawaka ndiyo inayokuambia kazi imeishia wapi. Ikiwa DRAM, chomoa RAM, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio wa shule, rudisha hadi isikike ikilia pande zote. Chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya CR2032 dakika chache ili BIOS isahau mipangilio. Na kama ni mashine mpya ya DDR5, iache. Mara ya kwanza inaweza kukaa kimya dakika kadhaa ikijifunza RAM yake, na kuna watu hukata umeme kila baada ya dakika moja wakidhani imekufa.

Ukiamua kuileta kwa fundi, wangu au wa kwenu, toa kadi ya grafiki kwanza uifunge peke yake kwenye nguo, kwa sababu ikibaki ndani na boda likiruka shimo, uzito wake wote unaning'inia kwenye tundu moja la plastiki. Laza mashine kwa ubavu. Njoo na waya wako wa umeme na ile ekstensheni unayoitumia nyumbani. Ya Afande, nilipoigeuza, plastiki ilikuwa imeyeyuka na kuacha alama ya kahawia kwenye zulia, na juu yake palikuwa pamechomekwa kompyuta, skrini, friji na birika.